Cheo ni Dhamana: Safari ya Seneta Aliyekuja Kuwa Gavana

Somo kwa vikundi vya amani, familia zilizohamishwa na viongozi wa jamii, Lac Vert na maeneo jirani



Katika vikao vyetu vya Lac Vert, swali moja limerudi mara nyingi: kiongozi anapopanda kutoka cheo kimoja hadi kingine, sisi wananchi wa kawaida tunabaki na nini mkononi? Wengi wenu mmeona vyeo vikipita. Mlikimbia Masisi, Sake na Rutshuru mkiacha mashamba na kaburi za wazee. Mlifika hapa magharibi mwa mji wa Goma, mkajenga vibanda juu ya mawe ya volkano. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, na waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, kambi zikavunjwa na familia zikatawanyika tena. Wakati huo wote walikuwepo magavana, walikuwepo maseneta, na hotuba hazikukosekana.

Kwa hiyo tumechagua kujifunza kutoka maisha ya mtu mmoja wa nchi jirani ambaye amekuwa mwanasheria, mbunge, mpatanishi, waziri, seneta na gavana. Jina lake ni James Orengo, wa Kaunti ya Siaya nchini Kenya. Hatuandiki kumpigia kampeni, na hatuandiki kumshtaki. Tunataka kuona kila kiti kilimpa nguvu gani, na nani alikuwa na haki ya kumuuliza maswali alipokaa pale.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili, kila kikundi kiweze:
- kueleza tofauti kati ya kazi ya gavana na kazi ya seneta;
- kueleza kwa nini makubaliano mengine ya amani hudumu na mengine huvunjika haraka;
- kuchagua jambo moja la kurekebisha katika kamati yake yenyewe.

1. VITI VIWILI, KAZI MBILI

Gavana anatenda. Ana bajeti, ana wafanyakazi, anajenga barabara, anaendesha hospitali na masoko. Seneta hana barabara ya kujenga. Kazi yake ni kutunga sheria, kutetea eneo lake katika mji mkuu, na kuchunguza jinsi fedha zinavyotumika. Kwa maneno mafupi, mmoja anashika ufunguo wa ghala na mwingine anashika daftari la kuhesabu magunia.

Kwetu Kongo, Katiba ya mwaka 2006 inasema gavana wa jimbo anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Maseneta pia wanachaguliwa na wabunge hao hao. Mwananchi anampigia kura mbunge wa jimbo, na mbunge ndiye anayewachagua hao wengine. Huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na wananchi wenyewe wanampigia kura gavana wao na seneta wao, kila mmoja kwa karatasi yake.

Lakini sisi wa Kivu Kaskazini tumeishi mambo tofauti na yaliyoandikwa. Mwezi Mei 2021 ulipotangazwa utawala wa kijeshi wa dharura, gavana raia aliondolewa na mwanajeshi akawekwa mahali pake. Mwaka 2025 jimbo letu lilikuwa na watu wawili walioitwa gavana, mmoja aliyewekwa na Kinshasa na mwingine aliyewekwa Goma na AFC/M23. Ndiyo sababu vijana wengine wanatuambia kwamba kujifunza kazi ya gavana ni kupoteza muda. Sisi tunaona kinyume. Asiyejua kazi ya cheo hawezi kujua alinyang'anywa nini, wala hataweza kukidai siku amani itakaporudi.

2. KIJANA WA UGENYA

Orengo alizaliwa mwaka 1951. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi na huko akawa kiongozi wa wanafunzi. Mwaka 1980, akiwa hajafika miaka 30, alichaguliwa mbunge wa Ugenya. Kenya ilikuwa chini ya chama kimoja, na kundi dogo la wabunge waliothubutu kuuliza maswali lilipewa jina la kejeli, "dada saba wenye ndevu". Orengo alikuwa mmoja wao. Gharama haikuchelewa: katika miaka hiyo ya 1980 alipoteza kiti na akapata kuishi uhamishoni Tanzania. Basi naye alionja kuwa mgeni katika nchi ya wengine.

Mapema miaka ya 1990 alikuwa katika harakati za FORD zilizodai vyama vingi, pamoja na mzee Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1992 alirudi Bungeni. Mwaka 1998 alileta hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Rais Daniel arap Moi. Hoja ilishindwa. Mwaka 2002 aligombea urais, akapata kura chache sana, na kiti cha Ugenya pia hakuwa nacho tena. Alirudi Bungeni baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Tuangalie jambo moja hapa. Katika miaka hiyo alishindwa mara nyingi, na kila mara alirudi kwenye kura au mahakamani. Katika jimbo letu wapo walioshindwa mara moja tu wakaenda msituni. Matokeo ya njia hiyo tunayabeba mgongoni.

3. MEZA MBILI ZA JANUARI 2008

Uchaguzi huo wa Desemba 2007 ndio uliowasha moto Kenya. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 walihama makwao. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walichomeana nyumba.

Wakati huo huo, hapa Goma, kulikuwa na meza nyingine. Kuanzia tarehe 6 hadi 23 Januari 2008 ulifanyika Mkutano wa Amani, Usalama na Maendeleo wa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Wajumbe walikuwa zaidi ya elfu moja. Makundi yenye silaha, pamoja na CNDP, PARECO na Mai-Mai, yalitia sahihi hati za kusimamisha vita. Wazee wetu wanakumbuka vigelegele vya siku ile. Lakini mwezi Agosti 2008 mapigano makubwa yalianza tena, na mwezi Oktoba watu walikuwa wakikimbia Rutshuru na Kibumba kuelekea Kibati, magodoro kichwani.

Nairobi walifanyaje? Umoja wa Afrika ulimtuma Kofi Annan, pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Kila upande ulileta wajumbe wanne tu mezani. Upande wa serikali walikuwepo Martha Karua, Sam Ongeri, Moses Wetang'ula na Mutula Kilonzo. Upande wa ODM walikuwepo Musalia Mudavadi, William Ruto, Sally Kosgei na James Orengo. Walikubaliana kwanza juu ya orodha ya mambo manne, kwa utaratibu huu: kusimamisha mauaji, kusaidia waliohama na kupatanisha jamii, kutatua mgogoro wa madaraka, halafu kushughulikia mizizi, yaani ardhi, ukosefu wa usawa na katiba.

Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi. Kazi haikuishia kwenye picha za magazeti. Mwezi Machi 2008 Bunge liligeuza makubaliano yale kuwa sheria ya nchi. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ikatangazwa.

Hatusemi Kenya na Kongo zina ugonjwa mmoja. Kenya haikuwa na majeshi kadhaa katika wilaya moja, wala wageni wenye silaha wanaovuka mipaka. Na wahamishwaji wengi wa Kenya walikaa katika hema kwa miaka, na waliohusika na mauaji wengi hawakufikishwa mahakamani. Hata hivyo tofauti tatu zinatufaa. Mezani walikuwa wachache, na kila mmoja alijulikana anazungumza kwa niaba ya nani. Mpatanishi hakuondoka siku ya sahihi. Na neno la mdomo liligeuzwa kuwa sheria ambayo mtu yeyote angeweza kuipeleka mahakamani.

Jambo lingine linalostahili kukumbukwa: katika uchaguzi wa mwaka 2013, Orengo, Mutula Kilonzo na Wetang'ula waliingia wote Seneti, na wote watatu walikuwa katika muungano mmoja wa kisiasa. Miaka mitano kabla walikuwa wamekaa pande mbili za meza huku nchi ikiungua. Mnayemwona leo adui katika mazungumzo, kesho mnaweza kupanga naye bajeti.

4. WAZIRI ALIYEPUNGUZIWA MAMLAKA

Baada ya makubaliano, Orengo aliteuliwa Waziri wa Ardhi, kuanzia mwaka 2008 hadi 2013. Hapa tunaomba wazee wa vijiji wasikilize vizuri, kwa sababu ugomvi wa Masisi na Rutshuru pia una mizizi katika ardhi.

Kwa miaka mingi ardhi ya umma nchini Kenya iligawiwa kutoka juu. Aliyekuwa karibu na rais alipata, aliye mbali alifukuzwa. Katika kipindi cha Orengo, Bunge lilipitisha sera ya kitaifa ya ardhi mwaka 2009, kisha sheria mpya za ardhi mwaka 2012. Tume ya Taifa ya Ardhi iliundwa, na kusimamia ardhi ya umma kukawa kazi ya tume hiyo. Maana yake, wizara ambayo yeye mwenyewe aliiongoza ilipunguziwa mamlaka, na yeye ndiye waziri aliyekuwepo sheria zile zikipita. Mwaka huo huo wa 2012 Kenya ilipitisha pia sheria maalumu ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani.

Ni kweli, sheria hizo hazikumaliza wizi wa ardhi, na tume na wizara ziligombana sana baadaye. Lakini mwenye malalamiko alipata mlango wa pili wa kubisha hodi, na hilo si dogo kwa mtu aliyefukuzwa kwenye shamba la baba yake.

5. MIAKA TISA YA SENETI

Kenya ilikuwa na Seneti baada ya uhuru, lakini ilivunjwa mwaka 1966. Katiba ya 2010 iliirudisha. Orengo alikuwa seneta wa Siaya kuanzia 2013 hadi 2022, na kuanzia mwaka 2018 akawa kiongozi wa upande wa wachache.

Seneti ile ina kazi mbili zinazotuhusu sisi kwa mafundisho. Ya kwanza ni kugawa fedha kati ya kaunti. Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipate asilimia 15 au zaidi ya mapato ya taifa. Lakini kila kaunti ipate ngapi? Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi. Kanuni iliyopendekezwa ilihesabu zaidi wingi wa watu, na kaunti kubwa za ardhi kavu zenye watu wachache zingepoteza. Walipiga kura, wakaahirisha, wakarudi. Mwezi Septemba 2020 walikubaliana fungu lote liongezwe kwanza, ili kanuni mpya isiipunguzie kaunti yoyote ile iliyokuwa ikipata. Kila aliyewahi kusimamia jetoni za chakula Lac Vert anaelewa ugumu huo: waliotoka vijiji vingi watu, waliotoka vijiji vidogo, waliofika jana, waliokuwepo tangu mwaka jana.

Kazi ya pili ni kuwahukumu magavana. Bunge la kaunti likipiga kura kumwondoa gavana, Seneti inasikiliza mashtaka na kutoa uamuzi. Katika mwaka 2020, Orengo akiwa seneta, Seneti iliwaondoa magavana wawili: Ferdinand Waititu wa Kiambu mwezi Januari, na Mike Sonko wa Nairobi mwezi Desemba. Sonko mwenyewe alikuwa seneta kabla ya kuwa gavana. Alikalia kiti cha kuchunguza, halafu akawa wa kuchunguzwa.

6. NAYE AKACHUKUA UFUNGUO WA GHALA

Mwezi Agosti 2022 wananchi wa Siaya walimchagua Orengo kuwa gavana wao. Mwenye daftari sasa akapewa ufunguo.

Haukupita mwaka, mtihani ukafika. Naibu wake, William Oduol, alitoka hadharani akidai kwamba fedha za kaunti zinatumika vibaya. Bunge la kaunti nalo likamshtaki naibu huyo kwa makosa, na mwezi Juni 2023 likapiga kura aondolewe. Kesi ikapelekwa kule kule Seneti, kwa wenzake wa zamani wa Orengo. Seneti ikasikiliza, kisha ikakataa kumwondoa. Naibu akabaki kazini.

Hatuko hapa kuamua nani alikuwa na haki kati ya gavana na naibu wake. Tunachotaka mwone ni kwamba mtu aliyekaa Seneti miaka tisa hakuweza kuitumia Seneti kama mali yake. Ugomvi ambao sehemu nyingine ungemalizwa kwa mapanga au kwa kutoroka usiku, ulimalizwa kwa hoja na kura, na pande zote mbili zikarudi nyumbani zikiwa hai.

Njia hii ya kupita katika viti vyote viwili haiko Kenya peke yake. Huko Marekani, Mark Hatfield alitangulia kuwa gavana wa Oregon, kuanzia 1959 hadi 1967, kisha akawa seneta miaka 30, hadi 1997. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa majini, na aliona kwa macho yake mji wa Hiroshima ulivyobaki baada ya bomu la atomiki. Akiwa gavana alikataa kuunga mkono vita vya Vietnam wakati magavana wenzake waliunga mkono. Akiwa seneta, mwaka 1970, yeye na George McGovern wa chama pinzani walileta pendekezo la kuweka tarehe ya kuwaondoa askari wa Marekani kule. Walishindwa kwa kura 55 dhidi ya 39. Kiti kilibadilika, msimamo wake haukubadilika.

7. TUNAJIFUNZA NINI SISI WA LAC VERT

Wahenga wanasema cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mwingine ulichopewa ukitunze, na mwenyewe ana haki ya kukiulizia. Kutokana na safari hii tunawapa mambo manne.

Kwanza, mwenye ghala asishike pia daftari. Kama kamati yenu inagawa unga, mafuta au mahema, watu wanaogawa wawe wengine na wanaohesabu wawe wengine. Kati ya wanaohesabu wawepo wamama, maana wao ndio wanaojua sufuria ilikaa siku ngapi bila moto. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu.

Pili, makubaliano yaandikwe na yapewe mlinzi. Familia zinazorudi kijijini na kukuta shamba linalimwa na mwingine zisiridhike na kusameheana kwa mdomo. Andikeni mipaka, majina ya mashahidi wa pande zote mbili, na tarehe ya kukutana tena. Kila upande ubaki na nakala, na nakala nyingine ikae kwa mtu ambaye wote mnamwamini.

Tatu, mezani wapelekwe wachache wanaojulikana. Kila jamii ichague wasemaji wake, wanaume na wanawake, na wasemaji warudi kutoa taarifa kabla ya kukubali lolote. Penye wengi pana mengi, lakini asiyejulikana ametumwa na nani ndiye huvunja makubaliano kwanza.

Nne, anayeuliza asifukuzwe. Naibu, karani au mjane akisema magunia hayatimii, ahesabiwe mbele yake. Akiwa amekosea ataona mwenyewe. Akiwa amesema kweli, amewaokoa kabla njaa haijawagombanisha.

MASWALI YA MAJADILIANO

Kaeni katika vikundi vya watu wanane hadi kumi, mchanganyike jamii na umri. Anayejua kusoma awasomee wengine.

1. Katika kamati yetu, nani anashika ufunguo na nani anashika daftari? Je, ni mtu mmoja?
2. Mkutano wa Goma wa Januari 2008 uliahidi nini kwa wahamishwaji? Wazee wanaoukumbuka waeleze vijana. Kwa maoni yenu, ni nini kilikosekana?
3. Orengo alishindwa mwaka 1998 na mwaka 2002. Mtu akishindwa katika uchaguzi wa kamati yetu, tunampa njia gani ya kuendelea kutoa mchango bila kugawa kambi au kijiji?
4. Kama fungu la msaada ni dogo, tunaweza kugawa vipi ili pasiwepo jamii inayojiona imesahauliwa?
5. Ni makubaliano gani kati yetu na majirani zetu ambayo hadi leo ni ya mdomo tu?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kikao kijacho, kila kikundi kichague jibu moja la swali la tano. Liandikwe kwenye karatasi, lisomwe mbele ya pande zote mbili, na watu wawili wachaguliwe kulifuatilia. Waliosambaa Masisi, Sake au Rutshuru wanaweza kulifanya huko waliko pamoja na wenyeji wao, na kutueleza limefikia wapi.

Tunawatakia mazungumzo mema. Amani iwe nanyi na watoto wenu.